Kahawa tungu ya Kibokoni: kwa ami, ukibishana uwe na ushahidi

Watu huniuliza kila mara pa kunywa kahawa tungu ya sawasawa hapa Mombasa na mie jibu langu ni moja, ingieni Mji wa Kale mkitokea Fort Jesus, mkate ndani Kibokoni, mtembee mpaka muone dele la shaba limekaa juu ya makaa na mabenchi mawili ya mbao yametazamana mbele ya baraza ya mawe. Kibao hakuna, jina hakuna, watu husema tu "kwa ami" na ukiuliza mtoto yeyote mtaani atakupeleka. Ila siandiki haya yote kwa ajili ya kahawa peke yake. Naandika kwa sababu ya mabishano. Maskani za kubishana zimejaa mji huu, Majengo, Makadara, Bondeni, kote, na nyingi mwenye sauti kubwa ndo mshindi, lakini pale kwa ami mtu hubishana akaondoka na kitu kichwani, na hilo kwa bob 10 ya kikombe kimoja silijui kwengine.

Kahawa kwanza tuimalize. Ami hukaanga buni mwenyewe asubuhi, akaitwanga kwa kinu, akaichemsha na tangawizi ya kupondwa na iliki kidogo mno, sio ile iliki ya kumwagwa kuficha buni zilizoungua. Ukikaa tu anakuja na vikombe mkononi akivigongesha, anamimina kutoka juu bila kumwaga tone, na kahawa inashuka nyeusi, nzito, chungu hasa. Sukari haitiwi, utamu utautafuta kwenye kashata ya nazi au ya njugu, na siku nyengine huwa kuna tende. Kuna watu wanalalamika vikombe vinasuuzwa ndoo, ni kweli ni ndoo, lakini ni mbili na moja ni ya maji ya moto, nimekaa nikamtazama na maji yanabadilishwa. M-Pesa anapokea ila nendeni na chenji, mtu mzima kusimamisha foleni atume bob 10 si uungwana.

Sasa kinachofanya pale pawe pale ni ami mwenyewe na swali lake. Mtu akishasema neno kubwa, ati serikali imefanya hivi, ati Mreno alifanya vile, ami anasimama na dele mkononi anamuuliza, "Umeitoa wapi?" Basi. Hakasiriki, hacheki, anangoja. Ukisema nimesoma, anauliza nani kaandika. Ukisema nimeona kwa TikTok, anakumiminia kahawa halafu anamgeukia mwengine, na hapo ujue neno lako limekaa kando mpaka ulete ushahidi. Na anauliza kila mtu, maalim wa madrasa, mwanasheria, kijana wa tuktuk, wote sawa. Dau hakuna, ukitaka kuwekeana pesa anakwambia hapa si nyumba ya kamari.

Bishano zito kuliko yote, na linarudi kila msimu wa siasa, ni la ukanda wa maili 10 wa Pwani hii. Nitawaeleza moja nililolisikia mwanzo mpaka mwisho manake ndo litawaonyesha ninachosema. Kijana mmoja wa Likoni alikuja na lile neno tunalolisikia miaka yote, kwamba Pwani ilikodishwa kwa Kenya kwa muda na ule muda umekwisha, kwa hivyo tunangoja nini. Ami akauliza umeitoa wapi. Kijana akasema yakhe hilo kila mtu analijua. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa historia, amestaafu, huyu haongei upesi, akaweka kikombe chini akaanza mwaka 1895. Akasema kukodisha kulikuwepo kweli, lakini aliyekodi alikuwa Mngereza na mwenye mali ni Sultani wa Zanzibar, kodi pauni 11,000 kwa mwaka, na ndo maana bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa ikipepea pale juu ya Fort Jesus mpaka uhuru. Halafu 1961 akaletwa Sir James Robertson kuja kusikiliza watu wa mwambao wanataka nini, akapendekeza ukanda uungane na Kenya. Halafu tarehe 8 Oktoba 1963, London, mkataba ukatiwa saini, na miongoni mwa walioafikiana ni Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohammed Shamte wa Zanzibar, Sultani akaachia madai yake, na mzee akasema kilichomo ni ahadi. Uhuru wa dini, mahakama za kadhi ziendelee, watoto wa Kiislamu wasomeshwe Kiarabu, na hati za ardhi za watu wa Pwani ziheshimiwe. "Sasa mwanangu," akamwambia, "tarehe ya kumalizika kukodi imeandikwa wapi hapo?"

Maskani nyengine zote hapo pangeisha kwa kelele, watu wangemzomea yule kijana na angeondoka na chuki. Lakini alifikiri kidogo akajibu vizuri sana, akasema haya mwalimu, tarehe hakuna, nimekubali, lakini hiyo ahadi ya ardhi, imetimizwa? Mie nilikaa sawa. Manake hapo mzungumzo uligeuka ukawa wa maana mara kumi. Mwalimu mwenyewe akakiri kwamba swali ndo hilo, akaeleza ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, kwamba Mngereza aliwaambia watu waje wathibitishe ardhi zao kwa karatasi, na ambaye hakuja au hakuwa na karatasi, ardhi yake ikahesabiwa haina mwenyewe ikawa ya serikali ya Mngereza. Wangapi waliokuwa wakilima tu kama walivyolima babu zao walikuwa na karatasi? Kwa hivyo ile ahadi ya 1963 ya kuheshimu hati ilikuwa inawalinda wenye hati, na waliokuwa hawana walibaki maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa. Mzee mwengine akaongeza kwamba kadhi angalau yumo kwenye katiba ya 2010, ibara ya 170, kwa hivyo ahadi moja mtu anaweza kuionyesha kwa kidole. Wakaendelea mpaka adhana ya magharibi. Yule kijana siku hizi haji tena na neno la kukodi, anakuja na maswali ya hati, na wazee wanamsubiri.

La pili linalonifurahisha ni la teknolojia, nani kavumbua M-Pesa. Hili nina hakika mmelisikia popote mlipo Kenya hii, kuna mwanafunzi wa chuo alivumbua akaibiwa na wakubwa. Linapendwa manake linauma, na sie kuibiwa tumezoea kwa hivyo mtu huamini upesi. Siku lilipoletwa kwa ami, jamaa mmoja anayefanya mambo ya kompyuta Nyali alikuwa nalo lote, akasema wazo lilitoka Vodafone Uingereza kwa mtu aitwaye Nick Hughes, akaja Susie Lonie hapa Kenya kulisimamia, serikali ya Uingereza ikatoa karibu pauni milioni 1 kwa mfuko wa ruzuku na Vodafone nao wakatia zao, majaribio yakaanza 2005, na hapo mwanzo haikuwa ya kutumiana pesa kabisa, ilikuwa ya kulipa mikopo midogo. Watu wenyewe kwenye majaribio ndo walianza kuitumia kupelekeana pesa. Safaricom wakaitoa kwa wote Machi 2007. Mwenye hoja ya mwanafunzi akaulizwa umeitoa wapi, akataja kaka yake.

Lakini aliyelimaliza si huyo jamaa wa kompyuta. Mkabala na ami kuna duka la M-Pesa la mama mmoja, na huyu mama husikiliza kila kitu akiwa dirishani kwake, na siku hiyo akatoka mlangoni akasema nyinyi wote mwazungumza programu tu. Akawaeleza kwa droo yake. Akasema weye ukija kuweka 1,000, ile noti inabaki kwangu, na 1,000 ya kwenye simu inatoka kwenye floti yangu inakuja kwako. Wakija wengi kuweka, droo inajaa noti na floti inakwisha, siwezi tena kumuwekea mtu. Wakija wengi kutoa, kama sikukuu hizi, simu imejaa na droo haina kitu, namwambia mteja hakuna pesa naye ananitazama kama mwizi. Kwa hivyo kila siku nakimbia benki kubadilisha moja kuwa nyengine, na maajenti wote wa nchi hii wanakimbia hivyo hivyo, na tukisimama siku moja hiyo M-Pesa yenu ni namba tu kwenye kioo. Akauliza, "Huyo mwanafunzi, na huyo Mngereza, nani kati yao alivumbua mie kukimbia?" Baraza zima ilinyamaza, na jamaa wa kompyuta akamwambia dada umetufunza. Mie nimetumia M-Pesa miaka yote hiyo na sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu anabeba ule mzigo wa floti kwa miguu yake.

Na hapa ndo nataka kusema ubaya mkubwa wa mahali hapa, na nausema kwa uchungu. Yule mama alisema yote yale akiwa wima mlangoni. Kiti hakupewa. Mabenchi ni ya wanaume, imekuwa hivyo tangu zamani na hakuna aliyeandika sheria, lakini mwanamke akifika ananunua kahawa yake kwa chupa anaondoka, au anasimama pembeni kama amekuja kuita mtu. Najua ni desturi na najua kuna dada wenyewe hawataki kukaa barazani, sawa, mwenye kutaka je? Mwalimu wa kike wa sekondari anapita pale akirudi kazini, historia ya mji huu anayo mkononi, na yeye pia husemea barabarani na mkoba begani kisha huenda zake mzungumzo ukiwa katikati. Baraza inayouliza kila mtu umeitoa wapi haiwezi kumwacha wima mtu ambaye amekuja na jibu. Nimemwambia ami ana kwa ana, nimemwambia benchi la tatu upande wa duka la M-Pesa halimzuii mtu kupita, akasema atafikiri. Mpaka benchi liwekwe mie nampa nyota 4 na ya tano ninayo.

Turudi kwa mabishano. La nyaya za intaneti za baharini msilikose hivi hivi. Mnakumbuka Mei 2024, tarehe 12, intaneti ilipolala nchi nzima? Kesho yake kwa ami watu wote ni serikali imezima, serikali imezima. Kulikuwa na fundi wa faiba, kijana mtaratibu, akasema hapana, mara hii ni nyaya mbili zimekatika baharini huko pwani ya Afrika Kusini, ziitwazo EASSy na SEACOM. Umeitoa wapi? Akasema kampuni zenye nyaya zimetangaza zenyewe, na nchi nyengine zimeathirika siku hiyo hiyo, Tanzania imo, sasa serikali yetu itazimaje Tanzania? Hoja kama hiyo ndo mie napenda, ya mtu kutazama nje ya mlango wake. Halafu akatufunza kitu ambacho watu wa Mombasa tungepaswa kuwa wa kwanza kukijua, kwamba hizo nyaya zinatua hapa hapa kwetu. Waya wa TEAMS ulifika 2009 ikitokea Fujairah kule Emirati, SEACOM ikaja mwaka huo huo, EASSy 2010, na kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa inategemea setilaiti, ghali na polepole. Waya wenyewe ukishafika kina kirefu unene wake ni wa mpira wa kumwagilia bustani tu. Sie tunaoga baharini kila Jumapili na video za Nairobi nzima zinapita chini huko.

Ila mwezi uliofuata ikaja tarehe 25 Juni, siku vijana walipoingia Bunge kwa sababu ya mswada wa fedha, na intaneti ikazorota tena, na Safaricom wakasema tena ni nyaya mbili za baharini. Hapo kwa ami pakawaka kweli kweli. Fundi yule yule aliulizwa, akasema mara hii sina ushahidi wa kuwatosha. Upande mmoja wakasema mamlaka ya mawasiliano ilitangaza siku moja kabla kwamba haina nia ya kuzima, upande wa pili wakasema ndo hasa, kwani kwa nini saa ile ile? Wengine wakasema waya hauchagui siku ya kukatika, wengine wakasema mara hii umechagua. Halikuisha, na mpaka leo halijaisha, na ami hakumlazimisha mtu kukubali. Alichokataa ni mtu mmoja aliyetaka kulifanya la kabila, huyo aliambiwa waziwazi kahawa yako nshakuletea, kunywa uende.

La Fort Jesus silirefushi kwa sababu mkikaa pale mtalisikia tu, mtalii yeyote akipita linaanza. Kuna wanaosema Mwarabu ndo kajenga, hapo watu hawasumbuki sana, ilianza kujengwa 1593 na Mreno, mchoraji ni Mtaliano Giovanni Battista Cairati, limekwisha. Linalobishaniwa hasa ni kule kuzingirwa kwa 1696 mpaka Desemba 1698, Waomani walipoizunguka ngome karibu miaka 3. Wengi tunalisimulia kama Mreno ndani na sie wote nje. Mwalimu akasema ndani mle walikuwemo Waswahili wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, wakipigana upande wa Mreno, na Wareno wenyewe walikuwa wanakufa kwa maradhi mpaka wakabaki wachache. Watu wa asili ya Pate walikuwepo siku hiyo, mjue lilivyochemka. Mimi nilitoka pale nikaenda kuangalia vitu vya ile meli Santo António de Tanná iliyozama mbele ya ngome 1697, vimo ndani ya makumbusho, nimevipita toka utotoni bila kuvitazama.

Kitu kipya kinachonitia wasiwasi ni simu. Zamani mtu akibishana alikuwa anasema kesho nitakuletea kitabu na kweli analeta. Siku hizi vijana wanauliza hizi programu za akili unde pale pale, inaandika jibu refu limenyooka, na kijana anasoma kwa sauti kama hakimu anasoma hukumu. Juzi mmoja aliiuliza ampe shairi la Muyaka bin Haji, yule mshairi wetu wa zamani, kuhusu Mombasa, ikampa beti nzima, vina vyake viko, mizani yake iko, na wazee wanaozijua tungo za Muyaka kwa moyo wakatazamana manake hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia. Mzee mmoja akamwambia soma tena, akasoma, mzee akasema huyu si Muyaka, Muyaka hasemi hivi. Jamaa wa kompyuta ndo akaeleza kwamba hizi programu zimefunzwa kutabiri neno linalofuata, zinaunganisha maneno yanayofanana na ukweli, saa nyengine ukweli wenyewe haumo. Ami sasa ameongeza swali lake, ukisoma kwenye simu anauliza, "Na hiyo simu imeitoa wapi?" Naona ni sawa kabisa na ningependa aendelee kulishikilia hilo hata vijana wakinuna, manake mashairi ya watu wetu yakianza kuchanganywa na ya kubuniwa mtu hatajua tena kipi ni kipi, na wanaoyajua kwa moyo hawataishi milele.

Mambo madogo madogo. Bodaboda zinapita karibu mno na mabenchi, shikeni vikombe vyenu. Pakichangamka sauti huwa juu, mwenye mtoto mchanga asije wakati huo. Waifai hakuna na nashukuru. Kuna mkahawa mmoja Nyali nilipelekwa na rafiki, kahawa moja inanunua vikombe vyote vya ami, viti vya kuzama, baridi ya mashine, na meza nzima watu wanne kila mtu na skrini yake, sikusikia hata neno moja la kubishania, nikatoka.

Ami hufungua baada ya alasiri mpaka baada ya isha kidogo, Ijumaa ndo hujaa zaidi, Ramadhani anaanza baada ya tarawehe na huendelea mpaka usiku wa manane. Mkitaka mwalimu mstaafu kaeni benchi la upande wa ukuta. Dada zangu, njooni wengi kwa pamoja mkalidai hilo benchi la tatu, mie nitakuwa upande wenu. Na kashata za njugu huisha kabla ya magharibi, agizeni mkifika tu.